Rebmann wa Rabai: miaka 29 ya subira na macho yaliyozimika

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukafika Mazeras na kukata kulia kuelekea Kaloleni, huchukui muda kabla ya kuingia Rabai. Hapo pana kanisa la zamani ambalo siku hizi ni makumbusho, na karibu yake zimesimama nyumba za kale za wamishenari. Watoto wa shule hupelekwa pale kwa mabasi. Huambiwa kwamba Krapf aliuona Mlima Kenya na Rebmann akauona Kilimanjaro, wakaandika kwenye madaftari, wakarudi makwao. Mtihani ukija hujibu sawasawa, na habari huishia hapo.

Leo nataka kumzungumzia huyo wa pili, Johannes Rebmann. Najua wako wasomaji wangu watakaouliza Mwislamu wa Mwambao amepatwa na nini hata akakaa kuandika maisha ya mmishenari. Nitawajibu mapema. Rebmann alikuja huku kuwaingiza watu katika dini yake, na yeye na wenzake hawakuwa na maneno mazuri juu ya dini yangu. Hilo silifichi, wala silikubali. Lakini nilipoyafuatilia maisha yake nimekuta jambo ambalo sisi sote, wa msikitini na wa kanisani, tunalihitaji sana zama hizi. Nimekuta mtu aliyepoteza karibu kila alichokuja nacho, kisha akabaki ameridhika na Mola wake. Subira ya aina hiyo haina mwenyewe. Hata ikipatikana kwa jirani, inafaa kutazamwa.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani ya leo. Wazazi wake walikuwa wakulima. Watu wa upande ule walikuwa Waprotestanti wa mrengo wa ucha Mungu, waliozoea kukutana majumbani kusoma Biblia na kuomba, na waliomtaka muumini aonekane imani yake kwa kazi za mikono yake. Kijana Rebmann alikulia katika malezi hayo. Alisomea umishenari Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza kwenye chuo cha shirika la Church Missionary Society, maarufu kama CMS, ambako alipewa upadri mwaka 1845. Mwaka uliofuata akatumwa Afrika Mashariki. Alishuka Mombasa mwezi Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26.

Aliyempokea alikuwa Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyefika miaka miwili kabla yake akiwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Krapf wakati huo alikuwa mjane. Mkewe Rosina alijifungua mtoto wa kike Mombasa mwezi Julai 1844, na katika siku chache mama na mtoto wote wawili wakafa kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Basi somo la kwanza alilolipata Rebmann kuhusu nchi hii ni kaburi la mama na kichanga chake. Hakuna aliyemficha kilichokuwa kikimngoja.

Homa ilimshika naye mapema. Tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walihamia Rabai, baada ya wazee wa Kirabai kuwakubalia wakae kwao. Siku hiyo wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakawa wanampanda kwa zamu, na njia yenyewe ni ya kupanda kilima. Ukitaka kujua kanisa la Kiprotestanti lilivyoanza katika nchi hii, ndivyo lilivyoanza, wanaume wawili wenye homa wakibadilishana mgongo wa punda.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo iliyompa Rebmann jina. Oktoba 1847 alikwenda Kasigau, huko Taita. Aprili 1848 akaondoka tena, safari hii kwenda Uchagani, na wapagazi wachache tu. Aliyemwongoza alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara. Nataka tulikumbuke jina hilo, maana vitabu vya shule hulisahau. Kabla ya kuondoka, liwali wa Mombasa alimwonya asithubutu kuupanda mlima mkubwa, kwa kuwa watu wa Pwani waliamini una majini. Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, Rebmann aliona juu ya kilele kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, akaambiwa kwamba weupe ule ni baridi. Mtu aliyekulia Ulaya hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Ilikuwa theluji, karibu kabisa na Ikweta. Alikaa chini, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi.

Habari zilipochapishwa na CMS mwaka 1849, alikejeliwa. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyejulikana kwa maandishi yake juu ya jiografia ya Afrika, alisema haiwezekani kuwe na theluji mahali pale. Bwana huyo hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Aliwaona wamishenari hawa kuwa watu wa ndoto, na wengi wakamsikiliza yeye. Zaidi ya miaka 12 ilipita kabla ya Baron von der Decken kufika mlimani mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akathibitisha kwamba theluji ipo. Sehemu kubwa ya muda huo Rebmann alikuwa Rabai, akiitwa mwongo na watu waliokuwa wamekaa vitini maelfu ya maili kutoka alipo. Aliendelea na kazi zake.

Lakini pigo kubwa zaidi lilimpata Uchagani kwenyewe. Aprili 1849 alianza safari ya tatu, akitaka kupita Machame afike Unyamwezi. Alikuwa na wapagazi wapatao 30 na shehena ya nguo na bidhaa za kulipia njia. Ilikuwa ni msimu wa masika, mvua haikati. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga, aliyempokea vizuri katika safari iliyotangulia, alimtaka zawadi hii, kesho ile, keshokutwa nyingine, mpaka bidhaa zikakaribia kwisha. Huku nyuma homa na tumbo la kuhara vilikuwa vimemwangusha. Alipoona safari yake ya Unyamwezi imekufa mbele ya macho yake, alilia. Alirudi Rabai mwezi Juni, mgonjwa, mikono mitupu. Hakuwahi tena kufanya safari kubwa ya bara.

Ndugu msomaji, hapa ndipo maisha ya Rebmann yanapoanza kunivutia, ingawa vitabu vya jiografia huyafunga hapa hapa. Mwenzake Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alitaka mnyororo wa vituo vya misheni kutoka bahari hii mpaka bahari ya upande wa pili wa bara, na alikuwa tayari kutembea mpaka miguu imwishe. Mwaka 1851 huko karibu na mto Tana alivamiwa na majambazi, mwenyeji wake, Kivoi, akauawa, naye akapotea nyikani akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Rebmann akaona vingine. Yeye alihisi wajibu wake ni kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha, na kumfundisha aliye karibu. Wawili hao walitofautiana juu ya hilo. Mwaka 1853 afya ya Krapf ikamshinda akarudi Ulaya, na ingawa baadaye alifika tena huku kwa muda mfupi, hakukaa. Rebmann akabaki.

Kubaki kwenyewe kulikuwa kwa namna gani? Wenzake walipukutika. Wagner alifika mwaka 1849 akafa mwaka huo huo. Pfefferle alifika mwaka 1851 akafa mwaka huo huo pia. Erhardt, aliyesaidiana naye kuchora ramani ya bara, aliondoka mwaka 1855. Rebmann mwenyewe alikwenda Misri mwaka 1851 akaoa mwanamke wa Kiingereza, wakarudi wote Rabai mwaka uliofuata. Walijaaliwa mtoto mmoja wa kiume. Aliishi siku chache tu. Hawakupata mwingine. Mwaka 1857 Wamaasai walishambulia jirani, na mume na mke wakalazimika kwenda kukaa Zanzibar kwa muda, kisha wakarudi kuanza upya. Mwaka 1866 mkewe naye akafa, baada ya miaka 15 ya ndoa. Kuanzia hapo Rebmann aliishi mjane kule kilimani miaka 9.

Na waumini aliowapata? Waliweza kuhesabika kwa vidole. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mtu kiwete, mwaka 1851, akiwa karibu kufa. Baada yake walitokea wachache, miongoni mwao Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la ubatizo la Isaac. Kwa mahesabu ya ofisi, huo ulikuwa mradi uliofeli. Pesa, maisha ya watu na miongo miwili vimekwenda, na kilichopatikana ni kikundi cha watu kinachoenea kwenye chumba kimoja.

Wasafiri waliopita walimwona hivyo hivyo. Burton na Speke walifika kwake mwanzoni mwa mwaka 1857, kabla ya safari yao ya kutafuta maziwa makuu. Cha ajabu ni kwamba ramani iliyowafanya wakubwa wa London watume safari ile ilikuwa ni ile ya Rebmann na Erhardt, waliyoichora kwa kuwasikiliza wafanyabiashara na wapagazi wa Pwani. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno, kwa kuwa maziwa matatu yalichanganyika katika masimulizi. Burton na Speke walimtaka afuatane nao. Hakwenda. Wao wakaenda kutafuta utukufu wa bara, naye akarudi kwenye karatasi zake. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kumshurutisha Sultani Barghash aache biashara ya watumwa, alifika Rabai. Alimkuta mzee aliyekaribia kupofuka, na kazi ambayo haikumridhisha hata kidogo. Wamishenari wapya nao walilalamika kwamba Rebmann amezama kwenye makamusi na hataki kubadilika. Sidhani walimzulia. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu kiasi kile huwa na ukaidi wake.

Sasa tuyatazame makamusi hayo, kwa kuwa humo ndimo nilimoiona imani yake ikifanya kazi. Rebmann alikusanya maneno ya lugha tatu: Kiswahili, lugha ya Wamijikenda na lugha ya watu wa Nyasa, Malawi ya leo. Kwa hii ya tatu, mwalimu wake alikuwa mtu aitwaye Salimini, mtu wa Nyasa aliyetekwa kwao akauzwa, akawa mtumwa wa Mswahili mmoja wa Mombasa. Rebmann alikaa naye miaka ya 1853 na 1854, neno kwa neno, Salimini akisema na yeye akiandika. Nchi ya Salimini hakuwahi kuifika. Alikuwa anaandika kamusi kwa ajili ya watu asiowajua, ambao pengine wangefikiwa na mtu asiyezaliwa bado.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana si haki kumsifu Rebmann kwa subira nikampita Salimini kimya. Kama kulikuwa na mtu mwenye mateso katika chumba kile, alikuwa ni yeye. Rebmann aliyachagua yake, akiwa na imani iliyompa maana ya kuyachagua. Salimini hakuulizwa. Na aliyemmiliki alikuwa mtu wa mji wetu, wa dini yetu. Sisi wa Pwani hupenda kuukumbuka ukoloni wa Mzungu, tukanyamazia minyororo iliyopitia bandarini petu na majumbani mwa babu zetu. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu lugha ya Nyasa ya wakati ule tunacho kwa sababu mtumwa alikuwa na subira ya kumfundisha mgeni. Kila litajwapo jina la mmoja, litajwe na la mwenzake.

Tukirudi kwa Rebmann, ni kitu gani kilichomshika asivunjike? Nimejaribu kuielewa imani yake kwa namna yeye alivyoielewa, bila kuipunguza wala kuipaka rangi ya kwangu. Mkristo wa aina yake aliamini kwamba Mungu mwenyewe, katika Yesu, aliingia kwenye mateso ya wanadamu na kufa msalabani. Mimi kama Mwislamu siamini hivyo, na wasomaji wangu wanalijua hilo. Lakini kwake yeye, jambo hili lilikuwa na matokeo ya kila siku. Kama Mungu alipitia kifo, basi kifo cha mtoto wake mchanga hakikumaanisha ameachwa. Aliamini ufufuo, kwa hiyo kaburi la mkewe lilikuwa ni kituo cha kungojea. Aliamini pia kwamba mtu haokolewi kwa wingi wa mafanikio yake, ila kwa neema. Kwa hiyo hesabu ya waumini wachache haikuweza kumhukumu, ije kutoka kwa Frere au kwa mtu mwingine yeyote. Mtume wao Paulo aliandika barua kwa watu wa Filipi akiwa kifungoni, akiwaeleza kwamba amejifunza kutosheka katika hali yoyote. Nalipenda hilo la kujifunza. Kutosheka hakuzaliwi nako mtu. Hufundishwa nako na maisha, na ada yake ni kubwa.

Muislamu hawezi kusoma haya bila kusikia kengele ya nyumbani. Sisi tuna Nabii Ayubu, aliyepoteza mali, watoto na siha. Tuna Nabii Yaakub, aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe kwa huzuni, naye hakukata tamaa ya rehema ya Mola wake. Tuna neno ridhaa na neno tawakkul, ambayo kila maamuma ameyasikia kwenye khutba ya Ijumaa. Nionavyo mimi, upungufu wetu hauko kwenye maneno. Tunalisema tawakkul mdomoni, na moyoni tunahesabu ni lini jirani atatupita.

Nawatazama vijana wa miji yetu. Mmoja amemaliza stashahada yake, amezunguka na bahasha ya khaki miaka miwili, hakuna aliyemwita. Mwingine ameuza shamba la babake kulipa wakala wa kazi za Ghuba, akarudi baada ya miezi sita na begi moja. Mama mmoja anauguza mumewe wa figo, kila wiki hospitali mara mbili. Watu hawa tukiwaambia wasubiri, wanatusikia kama tunaowafukuza mlangoni, na wana haki. Neno subira limetumiwa vibaya. Mwajiri anayechelewesha mshahara hulitumia, na mwanasiasa huja nalo baada ya uchaguzi, akiwataka watu waliodhulumiwa wanyamaze.

Maisha ya Rebmann yananisaidia kulitofautisha hili na lile. Kuridhika kwake hakukumkalisha akitazama dari. Aliposhindwa Unyamwezi, alishika kalamu. Alipofiwa, alirudi kwa wanafunzi wake wachache. Macho yalipoanza kufifia, alizidi kuharakisha kazi ya kutafsiri. Alichokiacha mikononi mwa Mungu ni matokeo, na alichokishika mwenyewe ni kazi ya leo. Mtu aliyedhulumiwa ana kazi yake ya leo pia, nayo inaweza kuwa kudai haki yake, mahakamani au penginepo. Subira haimzuii. Inamzuia tu asiliwe na chuki kabla haki haijafika, na asijione bure kama haikufika akiwa hai.

Mwaka 1875 ulikuwa mwisho wa Rebmann katika Pwani yetu. Macho yalikuwa yamezimika. CMS ilikuwa inaanzisha makazi mapya ya watumwa walioachwa huru, Freretown, na kazi ikapita kwenye mikono ya wageni wenye nguvu. Alikuwa amekaa miaka 29 bila hata mara moja kurudi Ulaya. Alipopanda meli, aliyemshika mkono kumwongoza alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Hebu fikiri. Kijana aliyekuja kuwaonyesha wengine njia, kama alivyoamini, anaondoka akionyeshwa njia na mtoto wa mwenyeji. Kama Frere angeulizwa faida ya miaka ile 29, pengine angetaja idadi ndogo. Rebmann faida yake ilikuwa imemshika mkono, ikamvusha bahari mpaka Ulaya.

Alikwenda kuishi Korntal, karibu na Stuttgart, jirani ya rafiki yake wa zamani Krapf. Wazee wawili waliowahi kupanda punda mmoja kwa zamu wakakutana tena, mmoja kipofu. Rebmann alioa mjane wa mmishenari mwingine, lakini ndoa hiyo haikudumu ila miezi, kwani alifariki mwezi Oktoba 1876, akiwa na miaka 56. Mwaka huo huo ndipo Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilipochapishwa, huko St. Chrischona karibu na Basel. Mwaka uliofuata, Krapf akakitoa kitabu cha maneno ya Nyasa, matunda ya vikao vyake na Salimini. Kamusi ya Kimijikenda ilitoka mwaka 1887. Vingi alivyovifanyia kazi vilimfikia msomaji baada ya yeye kulala.

Na Rabai ile ile iliyoonekana imefeli ikawa kimbilio. Watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya Pwani walikuwa wakijificha pale kwa miaka, mpaka tarehe 1 Januari 1889 ambapo zaidi ya watu 1,000 wa aina hiyo walilipiwa na kupewa hati za uhuru wao. Mabwana waliolipwa fidia walikuwa wengi wao wa upande wetu. Rebmann hakuiona siku hiyo. Lakini bila ya mtu kukaa kwenye kilima kile wakati kukaa hakukuwa na maana yoyote machoni pa watu, sidhani pangekuwepo mahali pa kukimbilia.

Sisemi haya ili mtu abadili dini yake. Kila mtu na kibla chake. Nayasema kwa ajili ya yule anayesoma safu hii kwenye simu yake akiwa kwenye foleni ya hospitali, au amerudi tena nyumbani bila kazi. Huenda usiyaone matunda ya unachokifanya. Huenda wapitao wakakupima kwa macho wakasema huyu hana lake. Muulize Mola wako kazi yako ya leo ni ipi, uifanye, na hesabu umwachie Yeye. Na kama kuna siku macho yatazimika, tumwombe atujaalie awepo mtu mmoja tuliyemlea vyema, wa kutushika mkono.